Ukungu unaorudi kila Juni: kabla hujabandua lipu, jua maji yanatoka wapi

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Niko Uyole, Mbeya. Tulihamia nyumba yetu mwaka juzi. Ni ya tofali za kuchoma, lipu ndani na nje, dari la jipsamu, madirisha ya aluminiamu. Mwaka jana mwezi wa sita chumba cha watoto kilianza kuota madoa meusi kwenye kona na nyuma ya kabati. Tulisugua, tukapaka rangi ya mafuta. Mwaka huu yamerudi makubwa zaidi, na suti ya baba watoto imeota ukungu humohumo kabatini. Sebuleni nako rangi inabanduka chini karibu na sakafu na kutoa unga mweupe. Usiku tunaingiza jiko la mkaa kidogo chumbani kukausha nguo za watoto na kupunguza baridi. Mdogo anakohoa sana usiku. Fundi anasema tubandue lipu yote, tupige nyingine yenye dawa ya kuzuia maji, na gharama yake imetushtua. Tufanyeje?"

Marahaba mama, na pole kwa kuuguza.

Nianze na jambo ambalo hukuniuliza. Jiko la mkaa lisiingie chumbani usiku wa leo, wala kesho. Mkaa ukiungua ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na aliyelala haamki kuitambua, kwa sababu inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni na kumzidishia usingizi. Makaa yaliyofunikwa na majivu, yale tunayosema yameshapoa, bado yanaitoa. Nimekaa Nyanda za Juu Kusini muda wa kutosha kuliogopa jiko hilo kuliko ukungu wowote nitakaoueleza hapa chini. Watoto waongezewe blanketi, wavae soksi na kofia, na mkipenda wapeni chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa. Jiko libaki nje.

Pili ni huyo mdogo. Mpeleke kituo cha afya wiki hii, msingoje tumalize habari ya ukuta. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu ndani ya majengo, likaeleza kwamba wanaoishi kwenye nyumba zenye hali hiyo huugua zaidi njia ya hewa, na wenye pumu huzidiwa zaidi. Lakini kikohozi cha mtoto kina vyanzo vingi: nimonia, pumu, kifua kikuu, hata moshi wa mkaa huohuo. Hilo ni la daktari kupima. Mweleze kwamba chumba kina ukungu na kwamba mmekuwa mkiwasha mkaa ndani, maana asipoambiwa hana namna ya kujua.

Sasa tuje ukutani. Nyumba yenu ina matatizo mawili tofauti, na kila moja lina maji yake. La chumba cha watoto silo la sebuleni. Fundi ameyaona yote mawili kama ugonjwa mmoja, ndiyo maana dawa yake imekuwa kubwa na ya gharama. Simlaumu, kwa sababu madoa yanafanana kwa mtu anayetazama ukuta peke yake.

Mimi kitu cha kwanza ninachotazama ni mwezi. Huko kwenu mvua huanza Novemba na kukoma Aprili au Mei. Juni, Julai na Agosti ni baridi, upepo na jua la mchana, na ardhi imekauka hadi vumbi linatimka barabarani. Ukuta unaolowa Juni haukuloweshwa na mvua. Kama bati lingekuwa linavuja au mvua inapenya kwenye tofali, madoa yangekuja Januari na Februari, kisha yakafifia wakati huu. Ya kwenu yamefanya kinyume, tena miaka miwili mfululizo. Angeniuliza mtu wa Tukuyu ningekuwa mwangalifu zaidi, kwa kuwa kule mvua ya mwaka hupita milimita 2,000 na manyunyu huendelea hata wakati watu wa Mbeya mjini wameshasahau mwavuli. Kwa Uyole sina shaka kubwa. Maji ya chumba cha watoto yanatoka ndani ya nyumba, na mnaoyatoa ni ninyi wenyewe.

Mtu aliyelala hutoa takriban gramu 40 za mvuke kila saa kwa pumzi na ngozi. Watu wanne wakilala saa nane, hiyo ni zaidi ya lita moja ya maji iliyoingia hewani bila mtu kumwaga hata tone. Beseni la nguo zilizokamuliwa kwa mkono zikaukia ndani, hesabu lita mbili nyingine au zaidi. Kama mnapikia gesi, kilo moja ya gesi ikiungua hutengeneza karibu kilo moja na nusu ya mvuke wa maji, yaani mtungi wa kilo 15 hadi uishe umeacha zaidi ya lita 20 hewani, mbali na mvuke wa sufuria yenyewe. Ongeza maji ya moto ya kuoga. Yote hayo yanatafuta pa kutokea.

Hewa ya joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi. Kwenye nyuzi 20 mita moja ya ujazo wa hewa inaweza kubeba gramu 17 hivi za mvuke; ikipoa hadi nyuzi 10 haiwezi kuzidi gramu 9 na kidogo. Kinachobaki lazima kigeuke maji, na kinageuka pale penye baridi kuliko pote. Ndivyo chupa ya soda iliyotoka kwenye friji inavyolowa nje ingawa haivuji. Ukuta wenu wa nje usiku wa Juni ndiyo hiyo chupa. Na hauhitaji hata kutoa matone ndipo ukungu uote. Hewa iliyogusana na ukuta ikikaa siku nyingi na unyevu wa asilimia 80 au zaidi, inatosha.

Kwa nini kona ile na si nyingine? Tazama jua saa sita mchana mwezi huu, utaliona upande wa kaskazini. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, kwa hiyo katikati ya mwaka jua hupita kaskazini mwetu, na ukuta unaotazama kusini haupati miale kuanzia asubuhi hadi jioni. Juu ya hapo upepo wa baridi wa msimu huu unavuma kutoka kusini-mashariki. Nadhani kabisa kona ya watoto inatazama huko. Kona nayo hupoa haraka kwa sababu ina kuta mbili zilizo wazi kwa nje. Halafu mmeweka kabati mbele yake. Joto la chumba haliufikii tena ukuta ule, na hewa iliyo nyuma ya kabati haisogei.

Kuna na jambo la ujenzi wetu wa siku hizi ambalo linanisikitisha. Nyumba za zamani za serikali, kama zile za Uzunguni hapo Mbeya au Gangilonga hapa Iringa, zilijengwa na matundu ya hewa juu ya madirisha, na nyingine zina mahali pa kuwashia moto na bomba la kutolea moshi. Nyumba za wazee wetu za udongo na nyasi zilipitisha hewa kila upande. Sisi tumeleta madirisha ya aluminiamu yanayoziba kabisa, tukafunga dari kwa jipsamu, tukaacha kuweka matundu kwa sababu yanaingiza baridi na mbu. Nyumba ikawa nzuri kwa macho, lakini pumzi za watu sita zimebaki humo hadi asubuhi. Wavu wa mbu juu ya tundu ni bei ndogo sana, sijui kwa nini hatuuweki tu.

Rangi ya mafuta mliyopaka imeongeza tatizo. Lipu ya kawaida hunywa unyevu kidogo usiku na kuutoa mchana. Rangi ya mafuta imeufunga mlango huo, kwa hiyo unyevu unabaki juu ya rangi pamoja na vumbi na mafuta ya mikono ya watoto, na ukungu unakula hapohapo. Lipu yenye dawa ya kuzuia maji ingefanya vilevile. Dawa hiyo ina kazi yake kwenye msingi, kwenye tangi, kwenye ukuta unaopigwa na mvua kwa nje. Kwenye ukuta unaoloweshwa na pumzi za ndani haina la kuzuia.

Usiniamini kwa maneno tu. Kata vipande viwili vya nailoni safi, ukubwa wa daftari. Futa ukuta ukauke, bandika kimoja kwenye kona ya watoto pasipo na doa, kingine sebuleni karibu na sakafu. Kingo zote nne zibanwe na selotepu pasiwe na nafasi. Viache siku mbili. Kipande kikilowa upande unaotazama chumba, maji yametoka hewani. Kikilowa upande wa nyuma, uliogusana na ukuta, maji yametoka ndani ya ukuta. Natarajia cha watoto kilowe mbele na cha sebuleni kilowe nyuma. Majibu yakiwa tofauti, simamisha kazi yoyote ya ukuta mpaka uniambie.

Dawa ya chumba cha watoto ni kufungua madirisha, na najua utashangaa nikikwambia ufungue hata asubuhi ile ambayo huoni nyumba ya jirani. Hewa ya nje ikiwa na nyuzi 8, hata ikiwa imeshiba unyevu kabisa, imebeba gramu 8 tu za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Ikiingia ndani na kupata joto hadi nyuzi 18, inakuwa hewa kavu kiasi, karibu nusu tu ya uwezo wake, na iko tayari kubeba maji yenu kuyatoa nje. Kinachotuchanganya ni kwamba tunaisikia baridi, tunadhani ni mbichi. Hewa iliyolaliwa usiku kucha ndiyo mbichi.

Namna ya kufungua nayo ina maana. Dirisha moja lililoachwa wazi kidogo kutwa nzima linapoza kuta bila kutoa mvuke wa kutosha. Fungua yote kwa mpigo, pande mbili za nyumba zinazotazamana, milango ya vyumba iwe wazi, upepo upite moja kwa moja dakika 10 hadi 15, kisha funga. Hewa itakuwa imebadilika na kuta hazijapoa sana. Fanya hivyo watoto wakishaamka na kutoka chumbani, halafu baada ya kupika, halafu baada ya kuoga. Mchana jua likiwaka, fungua muda mrefu upendavyo. Mkiwa mnapika, mlango wa jikoni kuelekea vyumbani ufungwe na dirisha la jikoni liwe wazi, sufuria ifunikwe. Wakati wa masika, Januari hadi Machi, hewa ya nje ina joto na imeshiba, faida inapungua. Subirini mvua ikatike ndipo mfungue.

Nguo ndizo nitakazozisisitiza, kwa kuwa ndiyo sababu jiko lilikuwa linaingia. Mkaa haukuzikausha kwa maana ya kuyaondoa maji nyumbani. Ulipasha hewa, hewa ikanyonya maji ya nguo, na jiko lilipopoa usiku wa manane maji yaleyale yakahamia kwenye kona ya kusini. Anikeni nje saa nne asubuhi mpaka saa kumi, Juni ina jua na upepo mzuri wa kukausha. Hali ikiwa mbaya, kamba iwe kibarazani chini ya bati. Ikibidi ndani, chagua chumba kimoja, mlango umefungwa, dirisha wazi.

Kabati lihamie ukuta wa ndani, ule unaotenganisha vyumba, na hata hapo liachwe nafasi ya kupita kiganja. Lisijazwe mpaka nguo zibanane. Naftalini hufukuza nondo, haizuii ukungu. Suti ipelekwe juani, ipigwe brashi nje ya nyumba, ikafuliwe kwa dobi kabla ya kurudi kabatini. Kama kuna godoro linalolala sakafuni, liinue leo ulitazame chini; mara nyingi huko ndiko hali mbaya zaidi iliko, na mtoto analala juu yake. Godoro likae juu ya chaga.

Kusafisha kufanyike siku ya jua, watoto wakiwa nje. Vaa barakoa na glovu, fungua dirisha, funga mlango wa ndani. Usisugue kukiwa kukavu, utarusha vumbi la ukungu nyumba nzima. Tumia kitambaa na maji ya vuguvugu yenye sabuni, ukisuuza kwenye ndoo nyingine. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, sehemu moja kwa maji sehemu kumi, inafaa kwenye vigae, kioo na fremu za aluminiamu. Kwenye lipu inaondoa rangi nyeusi juu tu na kuongeza maji ukutani. Usiichanganye kamwe na dawa ya kusafishia choo yenye asidi, wala siki, wala chochote chenye amonia, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu. Kipande cha jipsamu kilicholainika au chenye ukungu uliopenya kikatwe kitupwe. Rangi ya mafuta ikwanguliwe, ukuta ukauke hasa, ndipo upake rangi ya maji ya kawaida au chokaa. Mimi napenda chokaa kwa chumba kama hicho. Ni rahisi, inaruhusu ukuta kupumua, na ukali wake wa alkali ukungu hauupendi.

Dari lenyewe likitoa madoa ya kahawia Juni, msikimbilie kubadilisha bati. Usiku usio na mawingu bati hupoa kuliko hewa inayolizunguka, mvuke uliopanda darini unageuka maji chini yake na kudondokea jipsamu. Fundi atoboe matundu chini ya upenu, nyuma ya fisha bodi (ule ubao wa ukingoni mwa paa), pande mbili zinazotazamana, ayafunge na wavu.

Tuje sebuleni. Unga mweupe ni chumvi. Maji ya ardhini yanapanda kwenye tofali, yanafika usoni yanakauka, chumvi yake inabaki na kuisukuma rangi itoke. Kwa kawaida hayapandi zaidi ya mita moja hivi. Tofali ya kuchoma hunywa maji sana, na nyumba nyingi zetu zimejengwa bila nailoni nzito kati ya msingi na ukuta. Kuiweka sasa ni kazi ngumu, kwa hiyo tunaanza kwa kupunguza maji yanayoufikia msingi.

Toka nje utazame ukuta huohuo. Je, udongo au bustani imepanda hadi usawa wa sakafu ya ndani? Ichimbeni, ardhi ya nje iwe chini ya sakafu angalau sentimita 15. Je, nyumba ina gata? Paa la mita za mraba 120 likipigwa na mvua ya milimita 30 humwaga lita 3,600, na bila gata zote zinaangukia miguuni mwa ukuta na kuurukia matope. Je, upande wa pili kuna bafu? Angalia bomba, kwa maana bomba linalovuja hunyesha mwaka mzima. Kama ningekuwa na fedha ya kufanya jambo moja tu katika nyumba yenu, ningefunga gata na kuchimba mfereji wa kupeleka maji mbali, kabla ya Novemba.

Lipu ya sebuleni ndiyo pekee itakayobanduliwa, tena kwa kimo cha mita moja na kidogo tu. Chumvi ipigwe brashi ikiwa kavu, isioshwe, kwani maji yataiyeyusha irudi ndani. Kisha uache tofali wazi. Ukuta hukauka polepole, kama sentimita mbili na nusu kwa mwezi hali ikiwa nzuri, hivyo lipu mpya ya mwezi ujao ingefunga maji ndani. Uache upite masika yote wazi. Hautapendeza kwa wageni, lakini utakuonyesha kama gata na mfereji vimefanya kazi. Usipolowa tena, kiangazi kijacho fundi apige lipu ya simenti moja, chokaa moja, mchanga sita, na juu yake rangi ya maji.

La mwisho linahusu stoo. Wengi huko kwenu mnahifadhi mahindi, karanga na mchele ndani ya nyumba hiyohiyo, na ukungu wa nafaka ni hatari ya aina nyingine. Sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu huo, haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta, na mahindi yaingie yakiwa makavu kabisa, unyevu usizidi asilimia 13 hivi. Gunia lililoegemea ukuta wa kusini lifunguliwe leo. Punje zilizoota ukungu wasipewe kuku wala ng'ombe, ambao sumu hiyo hupita kwenye maziwa yao. Zitupwe.

Mwonyeshe fundi maelezo haya, mkae naye muyapitie. Gata, mfereji na matundu ya upenu vyote ni kazi yake na atalipwa kwa haki. Bandika nailoni kesho asubuhi, na baada ya siku mbili niandikie kila kipande kililowa upande gani, ukuta wa watoto unatazama wapi, na daktari alisema nini kuhusu mdogo.